Neno Alilolikataa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Ninamchukia mama. Sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye maombi sijalisema.

Asubuhi tulianika chisense, mimi na Prisca. Samaki wadogo wa kila siku. Ziwa limefunguliwa juzi tu baada ya katazo la uvuvi, na mashua zilirudi zimejaa. Mvua ikanyesha kabla samaki hawajakauka. Tulikimbia na turubai, tukachelewa. Nusu wameharibika. Nguo zangu zinanuka hata baada ya kuoga.

Prisca ni mke wa kaka yangu, Yaya Didier. Mulamu wangu. Ni Mzambia wa Puta, juu zaidi kando ya ziwa hili, na tangu harusi anakaa nasi hapa Kashikishi. Miaka miwili. Hana mtoto. Siku hizi mama hamwiti jina. Anamwita "ule".

"Ule amekula?" "Ule ameamuka?"

Prisca yuko hapo hapo, anasikia.

Shule imekwisha, sina pa kwenda. Ninaandika Kiswahili chetu cha nyumbani kwa sababu mama hajui kusoma, na Prisca anasoma Kibemba na Kiingereza tu. Yaya hana subira na maandishi.

Jumanne, 4 Machi

Nieleze leo, kisha nisirudie.

Tulipovuka kutoka Congo na kuwekwa Kenani, kambi ya wakimbizi, taya la Yaya lilikuwa limekwisha kuvimba. Baba alikuwa amekufa, mama alikuwa peke yake na sisi wawili. Tulifikiri ni jino. Ilikuwa kansa. Walimpeleka Lusaka na mama, mimi nikabaki kwenye hema na watu wa kijiji chetu. Walimchoma dawa kali mpaka nywele zikatoka zote. Akapona. Sasa ni mtu mrefu, mwenye nguvu, anavua usiku na taa kama wengine. Shavu moja limeingia ndani kidogo. Basi.

Miaka ilipita, wakamwita tena Lusaka kumpima. Nilikwenda nao, kwa sababu mama hajui Kiingereza na mimi nilikuwa nimekijua shuleni. Yaya alitumwa kutoa damu. Daktari, mwanamke, akatuita ndani sisi wawili. Alisema polepole, akaningoja nitafsiri. Dawa iliyoua ugonjwa inaweza kuua na mbegu. Kijana anakua, anaoa, nguvu za mwanaume anazo zote, lakini mtoto hapatikani. Kuna mahali huko duniani wanaitunza mbegu ya kijana kwenye baridi kabla ya kuanza dawa. Kwa Yaya hapakuwa na nafasi hiyo, ugonjwa ulikuwa unakimbia. Akasema sasa amekua, asikie mwenyewe, apimwe kabla ya kuoa. Si wote wanaoharibika. Na kuna mambo ya kujaribu.

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nilipaswa kusema neno "mbegu" mbele ya mama yangu, juu ya kaka yangu. Nilisema yote. Sikuruka hata neno.

Mama akasema, "Mwambie aksanti." Basi. Nje kwenye korido akanishika mkono kwa nguvu. "Ile maneno tumeiacha mule ndani. Haitatoka na siye."

Jumapili iliyofuata pasta alimwekea Yaya mikono na mama akapiga kelele, "Ninaikatala! Kwa jina ya Yesu, ninaikatala!" Kanisa zima likakataa pamoja naye bila kujua wanakataa nini. Kwetu neno lililokataliwa halisemwi tena. Ukilisema unalifungulia mlango.

Kwa hiyo Yaya hajui. Prisca hajui. Mama na mimi tu.

Jumapili, 9 Machi

Ushuhuda wa mama, wa kupona kwa Yaya. Kila mwaka anautoa mwanzo wa uvuvi. Alisimama na kitenge kipya, akamsimamisha Yaya karibu naye, akamgusa shavu lile. Watu walilia. Mimi najua kila neno, najua hata pahali pa kukohoa.

Leo aliongeza kipya. "Mungu yangu haifanyake kazi nusu! Alimuponyesha bunzima! Kama shamba haioteshe, banangu, tusiulize mbegu. Tuulize udongo."

Makofi. Ameni. Wanawake wakageuka kumtazama Prisca. Alikuwa amevaa gauni la harusi ya dada yake, la bluu. Aliangalia mikono yake.

Yaya naye alipiga makofi. Hakuelewa kitu. Alipiga makofi.

Nilitoka nje kama mtu anayekwenda chooni.

Jumatano, 12 Machi

Sokoni. Hapa mwanamke akizaa jina lake linakufa. Anakuwa Bana Chola, Bana Mutale, mama wa fulani. Wote walioolewa mwaka mmoja na Prisca wamekwisha kubadilika. Yeye bado Prisca.

Bana Mutale alipita na mtoto mgongoni, akasimama mbele ya meza yetu.

"We Prisca, utazeeka na hiyo jina ya ku shule?"

"Iko jina muzuri," Prisca akamjibu. "Haina kamasi."

Wanawake wote wakacheka, hata Bana Mutale, maana mtoto wake alikuwa na makamasi mpaka kidevuni. Prisca alicheka kuliko wote. Kisha akainama akaanza kusugua beseni ambalo nilikuwa nimelisugua asubuhi. Alilisugua mpaka mteja akachoka kungoja akaenda.

Ijumaa, 14 Machi

Bana Kabwe amekuja. Ni nachimbusa, mwanamke aliyemfundisha Prisca mambo ya ndoa kabla ya harusi. Mama ndiye aliyemwita. Wamejifungia chumbani na Prisca mchana wote. Nilisikia maji, nikasikia Bana Kabwe akisema tumbo limegeuza mgongo na lazima lirudishwe. Wamemkalisha juu ya chungu cha mvuke. Wamempa mizizi ya kunywa asubuhi na jioni, na asile chumvi.

Yaya hakuulizwa kitu. Hakunywa kitu. Alilala kwa sababu usiku anavua. Bana Kabwe alipotoka aliona miguu yake mlangoni na akatembea kwa vidole asimwamshe mwanaume.

Jumanne, 18 Machi

Prisca ametapika asubuhi. Mama alifikiri ni mimba. Alianza kuimba.

Niliona furaha yake nikatamani kumpiga. Mama yangu mwenyewe.

Ni ile mizizi.

Alhamisi, 20 Machi

Ninaandika haraka. Nitaandika vibaya.

Prisca ameanguka pwani na beseni kichwani. Samaki wote mchangani. Mwanzoni watu walikimbilia samaki. Nilimfunika miguu na kitenge changu, mvuvi mmoja akatusaidia kumfikisha kliniki. Nesi alimvuta ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Hana maji mwilini. Aliuliza amekunywa nini. Prisca aligeukia ukuta. Nikasema mimi. Nesi alikasirika sana, akasema dawa hizo zinaharibu figo, aache leo leo. Kisha akauliza, "Na bwana, amepimwa?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Tulirudi jioni. Mama alikuwa amekwisha kumimina kikombe kingine. Nilikichukua nikakimwaga kwenye mchanga mbele yake.

"Mukono imeteleza," nilisema.

Haikuteleza. Aliona. Akaliacha, kwa sababu anajua ninachojua.

Mama alipokwenda maombi nilimwambia Prisca. Yeye alikuwa amelala kwenye mkeka, mimi nilikuwa ninachambua mawe kwenye chisense, nimempa mgongo. Nisingeweza nikiona uso wake. Nilisema yote kama nilivyosema siku ile Lusaka. Mbegu, dawa, baridi, kupimwa. Kwanza Kiswahili, kisha Kibemba, nisije nikajificha.

Nilisikia mkeka, amegeuka. Kisha, "Didier anajua?"

"Hajui."

"Ba mama banajua?"

Niliinamia samaki. Akaelewa.

"Kanshi, kumbe alikuwa ananipa kopo ya mizizi," akasema, "na anajua."

Nikaendelea kuchambua. Nilichambua mpaka nikaanza kutupa samaki na kuweka mawe.

Jumamosi, 22 Machi

Prisca hakumwambia Yaya. Alimwambia tu, "Uliza mama yako munganga alisema nini ku Lusaka." Alikataa kusema zaidi. Alisema neno hilo lina mwenyewe wa kulisema.

Yaya aliuliza mchana, tukiwa tunakula. Alifikiri kansa imerudi. Niliona amejishika taya. Hilo sitalisahau, alivyojishika taya.

Mama alisema, "Kula."

"Mama, niko mugonjwa?"

"Hauko mugonjwa. Kula."

Akaniangalia mimi. Mimi ni mwoga, kila mtu anajua. Shuleni nilikuwa ninajibu na kichwa. Lakini nilisema, "Mama, mwambie, au nitasema miye."

Akasema. Kwa maneno machache kuliko ya daktari. Alisema kama mtu anayetema kitu. Kisha akapiga meza na kiganja. "Me nilikatala! Kintu umekatala, utakibeba ku nyumba sababu gani? Ningekwambia, ungekuwa na moyo ya kuoa? Ungekaa ukijilia! Nilikulinda!"

Yaya alikuwa bado na tonge la bukari, ugali wetu, mkononi. Alilirudisha kwenye sahani, akalisawazisha kama mtoto.

"Mama," akasema, "haikukuwa yako ya kukatala."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige kelele.

Mama alimtazama Prisca na kusema, "Umefurahi sasa?" Kama vile ni Prisca aliyefanya. Mimi nililia. Prisca hakulia. Alikusanya sahani.

Jumanne, 25 Machi

Yaya anatoka na mashua kabla ya wenzake na kurudi baada yao. Mama anafunga, hali wala hanywi mpaka jioni. Anasema anafunga kwa ajili yetu. Sijamwomba.

Nimefikiri sana leo. Yaya alikuwa na miaka kumi na saba siku ile ya Lusaka. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, anatoa damu. Wangemngoja dakika chache angesikia mwenyewe. Angejua. Angemwambia Prisca kabla ya harusi na Prisca angechagua akijua. Angepimwa wakati ule, angeenda kuuliza hayo mambo ya kujaribu. Wote tungekuwa watu wengine.

Nakasirika hata na ule ukuta.

Jumatatu, 31 Machi

Wamerudi kutoka hospitali ya Mansa. Walikwenda wawili, Yaya na Prisca. Mama aliambiwa wanakwenda kununua nyavu.

Yaya aliingia akalala amevaa viatu. Prisca ndiye aliyenisimulia, tukiwa tunachota maji. Walimpa Yaya kikopo na chumba. Mara ya kwanza alishindwa, akatoka akakaa kwenye benchi kati ya wanawake wenye mimba. Prisca alimwambia mzaha fulani, hakutaka kuniambia mzaha gani, Yaya akacheka, akarudi ndani.

Hawakuona mbegu hata moja.

Daktari wa huko, mzee mpole, hakumficha kitu. Apimwe tena baada ya miezi mitatu, maana jibu moja halitoshi. Kwa wengine mbegu inarudi hata baada ya miaka mingi. Lusaka wanaweza kupima damu kuona mwili unafanyaje, na kuna upasuaji mdogo wa kutafuta ndani kama zipo zilizojificha. Ni ghali na si ahadi. Akamwambia pia kwamba mtu aliyepona kansa utotoni anapaswa kuja kuangaliwa maisha yake yote, moyo, nguvu za mwili, si mambo ya watoto tu. Hakuna aliyewahi kutuambia hilo. Au aliambiwa mama, akalikataa pia. Sijui. Sitauliza.

"Yaya alisikia yote hayo?" nilimuuliza.

"Alisikia 'hakuna'. Kisha akafunga masikio."

Prisca aliweka ndoo kichwani. "Mulamu, nilimwambia tutarudi tena. Alisema, 'Kufanya nini?'"

Jumatano, 2 Aprili

Yaya alinikuta pwani nikipanga chisense. Akakaa. Hatujakaa pamoja hivyo tangu tulipokuwa wadogo. Aliuliza kama daktari wa Lusaka alikuwa na sura ya huruma. Nilisema ndiyo. Aliuliza kama alimtaja kwa jina, au alisema "mgonjwa" tu. Nilisema alimtaja kwa jina.

Akasema, "Aksanti." Akaenda.

Sijui alitaka nini. Nilisema kweli.

Jumamosi, 5 Aprili

Baba mukubwa amekuja, kaka ya marehemu baba. Anakaa kwenye makao ya wakimbizi, analima mihogo. Mama alimwita kabla ya mambo haya yote, na hakuweza kumzuia tena, au hakutaka. Amekuja kwa kikao cha kumrudisha Prisca Puta. Alileta habari za mwanamke mmoja wa huko kwao, mjane, mwenye watoto wawili. "Mashine inajulikana inatembea," alisema. Alijicheka mwenyewe.

Tulikaa wote kwenye mkeka. Mimi mlangoni, kwa sababu ni mdogo na ni wa kuleta maji. Baba mukubwa alianza na maombi marefu. Kisha akasema ndoa bila mtoto ni nyumba bila moto, na kikao kinataka kujua tatizo liko kwa nani, maana lazima liwe kwa mmoja.

Nilimtazama mama. Aliangalia kitenge chake.

Nilimtazama Yaya. Nilimtazama kwa nguvu. Nilisema moyoni, sema. Sema sasa. Mimi nilisema, na mimi ni mwoga. Sema.

Alikuwa anachimba mkeka na ukucha.

Baba mukubwa akasema, "Didier, mutoto ya ndugu yangu, weye uko na nguvu ya mwanaume?"

"Iko," Yaya akasema. Kweli anayo. Hilo si swali.

"Basi," akasema Baba mukubwa, na akamgeukia Prisca.

Prisca akasema, "Ni miye."

Nilisikia maji kwenye ndoo yangu.

"Ni miye, baba. Banganga balinipima. Tumbo yangu haishike." Sauti yake haikutetemeka. Angekuwa mwigizaji mzuri. "Me siende Puta."

Mama alinyanyua kichwa. Nafikiri hata yeye aliogopa.

Baba mukubwa alianza kusema kwamba mwanamke wa namna hiyo hachagui pa kukaa. Hapo ndipo Yaya alipofungua mdomo bila kuulizwa, mara ya kwanza na ya mwisho. "Haende." Akaongeza, "Bibi yangu haende popote. Nimemaliza."

Watu watasema ni mwanaume mzuri sana. Amekaa na mgumba kwa upendo. Baba mukubwa alikwisha kulisema alipokuwa anakula. "Mwanaume wa haki huyu," alisema, na mfupa mdomoni. Mama akasema Ameni.

Yaya aliisikia hiyo sifa. Hakusema hapana.

Najua ameumia. Najua mashuani wanaume wangemcheka mpaka ashindwe kutia mguu ndani ya maji. Najua yote. Bado nilimwona anaipokea sifa kama mtu anayepokea sahani, na leo ninamchukia yeye zaidi ya mama. Kesho labda itapungua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imepungua. Upepo mkavu kutoka ziwani, mzuri kwa kuanika. Tulitandaza nyavu tangu asubuhi. Chisense wamekauka vizuri, wanang'aa, wanapiga kelele ndogo ukiwageuza.

Prisca amepona. Anakula chumvi. Mama amemwita kwa jina asubuhi, mara moja, kwa sauti ndogo. Prisca aliitika kama kawaida, akampa ufagio.

Habari imefika sokoni kabla yetu. Bana Mutale alipita, safari hii hakutania. Aliongea na Prisca kwa upole, kama mtu anavyoongea na mgonjwa, akanunua samaki asiowahitaji. Ule upole ulikuwa mbaya kuliko utani. Alipoondoka nilimwambia Prisca kwamba mimi siwezi. Nitasema. Nitasimama Jumapili kanisani na kusema.

Alicheka. "Weye? Weye uko unashindwa kuuliza bei."

Kisha akaacha kucheka. Alisema baada ya msimu wa baridi watarudi Mansa, Yaya amekubali. Alikubali usiku wa kikao, akilia. Akasema mtu anayejua kwamba kila mashua inamcheka hatapanda basi la kwenda kupimwa, atapanda la kukimbia. Yeye mwenyewe maneno ya wanawake ameyazoea. Anayajibu.

"Na kama mbegu haiko hata huko?" nilimuuliza.

"Basi haiko. Tutaona ya kufanya." Akanyoosha mgongo. "Mulamu, nakuomba. Ni miye, si mama yako. Nakuomba."

Nilisema ndiyo. Sikubaliani naye. Si haki, na nitafikiri hivyo mpaka nizeeke. Lakini nilisema ndiyo, na nikaendelea kugeuza samaki upande wangu, na yeye upande wake.

Kama siku moja kuna mtu anasoma hapa, sijui ni nani, sijui umeipataje hii: nakuomba na wewe. Mgumba ni Prisca. Ukiulizwa, sema hivyo.